Huo utando wa kahawia msiukwangue

Ndugu yangu, umeuliza kama mkwangue utando wa kahawia unaoteleza juu ya tope mbele ya mikoko yenu, mkidhani ni uchafu. Nakuomba, uacheni. Ni dayatomu, mwani mdogo usioonekana kwa macho, pamoja na bakteria. Maji yakitoka mchana, dayatomu hupanda juu kufuata mwanga, na zikitambaa huacha ute wenye sukari, mzito kama wa bamia, unaogandisha chembe za tope. Tope lililoshikwa hivyo halisombwi na mawimbi kirahisi kama tope tupu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyayo, maana huupasua. Wanaokwenda kutafuta kaa na chaza wapite njia moja tu.