Ukiikumbuka Ofisi ya Zamani, Uliza Nani Alikuwa Akichemsha Chai

Kati ya sizoni zote ambazo wapwa zangu wamewahi kuniwekea kwenye flashi, ni moja tu niliyoirudia tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ni Mad Men, tamthilia ya Kimarekani iliyorushwa kati ya mwaka 2007 na 2015, yenye vipindi 92 vinavyosimulia maisha ya kampuni ya matangazo ya biashara jijini New York katika miaka ya 1960. Kazi ya matangazo siijui, na New York sijafika. Kilichonishika ni ofisi yenyewe: safu ya meza za wapiga chapa, mlio wa mashine, karatasi za kaboni, simu zinazopitia kwa mtu kabla ya kumfikia bosi, na watu waliovaa kana kwamba kila siku wanasubiri ugeni wa kitaifa.

Kijana anaweza kuuliza inakuwaje mama wa Mwanza aitazame ofisi ya New York ya mwaka 1960 na kuiona kama yake. Jibu ni kwamba mashine zile zilikaa kwetu muda mrefu zaidi. Nilipomaliza masomo ya uhazili Tabora na kupanda treni kuja kuanza kazi hapa jijini, katikati ya miaka ya 1980, ofisi niliyopangiwa karibu na bandari ilikuwa na vifaa vilevile ninavyoviona kwenye tamthilia hiyo: tapureta, kaboni, mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na opereta wa simu aliyejua siri za kila mtu. Kompyuta ilikuwa habari ya kusikia. Hata televisheni yenyewe Tanzania Bara ilikuwa bado, kwani ITV ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1994. Kwa hiyo watu wa rika langu, ambao wengi wamestaafu au wamebakiza muda mfupi, wakiitazama tamthilia hii huona ujana wao ukiwa umepigwa pasi na kuwekewa taa nzuri.

Shida huanzia hapo. Rafiki yangu mmoja anayeongoza ofisi yenye vijana watupu alimaliza kuitazama, na Jumatatu iliyofuata akaagiza kwamba wanaume wote wavae tai, simu za mkononi zisionekane mezani, na kila jambo liletwe kwake kwa barua iliyopitia kwenye jalada. Vijana walitii kwa adabu zote. Walivaa tai, wakaandika barua, kisha wakaendelea kuamua mambo yote kwenye kundi lao la WhatsApp ambalo yeye hakuwamo. Alinipigia simu kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima, nikamwambia kwamba heshima wanayo, ila yeye amerudisha mavazi ya ofisi ya zamani akaiacha kazi iliyokuwa ikifanywa ndani ya mavazi hayo.

Ushauri wangu kwa yeyote aliyepatwa na hamu ya namna hiyo ni kwamba, kabla hujarudisha chochote, ukichukue kimoja kimoja na kujiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani, na ni nani aliyekuwa akikigharamia.

Tuanze na chai, kwa sababu kila mstaafu ninayekutana naye huanza na chai. Ni kweli kwamba saa nne ofisi yetu yote ilisimama. Birika lilipita, na juu ya sinia kulikuwa na maandazi, au viazi vitamu vya kuchemsha na karanga ikiwa mama mhudumu ametoka kwao Magu, na kwa muda huo mfupi mhasibu aliongea na dereva, dereva akaongea na mkuu wa kituo, na mambo ambayo yangechukua wiki nzima kwa barua yakamalizika kwa vikombe viwili. Lakini ukitaka kuukumbuka ukaribu ule kwa haki, ikumbuke na sukari. Miaka ile sukari ilipatikana kwa kibali, na ofisi ilikuwa njia mojawapo ya kuipata. Tulijua watoto wa kila mmoja wetu kwa majina kwa sababu tulikuwa tukigawana kilo kwa kuhesabu vichwa. Sehemu ya upendo ule ilitokana na uhaba, na sidhani kama kuna mtu angependa uhaba huo urudi ili tupate kupendana tena.

Kinachoweza kurudi ni ile kazi ya chai, yaani kuwakutanisha watu wa vyeo mbalimbali mahali ambapo hakuna ajenda. Katika ofisi ndogo ninayoisaidia sasa mambo ya utawala, tumekubaliana kwamba saa nne kila mtu anatoka kwenye meza yake, na kikombe hakiruhusiwi kunywewa mbele ya kompyuta. Wiki za mwanzo watu walisimama wakitazama simu zao kama abiria wanaosubiri gari la Igoma. Baadaye walianza kuongea, na siku hizi nikitaka kujua ni mteja gani amekasirika, sisubiri ripoti, nakwenda kunywa chai. Na mchemshaji hubadilika kwa zamu, mkurugenzi akiwamo. Sharti hili la zamu ndilo lililozua ubishi kuliko yote, na ndilo nisilokubali kulilegeza, kwa sababu katika ofisi ya zamani kauli ya “Binti, chai” haikuwahi kuelekezwa kwa mwanamume, hata kama mwanamume huyo alikuwa mdogo kwa umri na cheo kuliko binti mwenyewe.

Jambo la pili ambalo watu hulikumbuka, ingawa mara nyingi hawajui kwamba ndilo wanalolikumbuka, ni maandishi. Wasomaji wengi hawajaiona stensili. Ilikuwa karatasi laini yenye nta, ambayo herufi za tapureta ziliichonga ili wino upite wakati wa kudurufu. Ukikosea herufi, ulipaka dawa nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha, ukapuliza, ukasubiri ikauke, kisha ukagonga herufi sahihi juu yake ukiwa umeshikilia pumzi. Ukikosea mara nyingi, stensili nzima ilitupwa, na stensili zilitolewa stoo kwa saini. Kwa sababu hiyo hakuna bosi aliyethubutu kukuletea waraka ambao hajaumaliza kichwani mwake. Gharama ya kosa iliwafanya watu wafikiri kabla ya kuandika.

Kisha kulikuwa na jalada. Upande mmoja zilifungwa barua, kila moja na namba yake, na upande wa pili yaliandikwa madokezo: karani anaeleza jambo, mkubwa wake anaongeza maoni, anayefuata anapinga au anakubali, mpaka anayeamua anapoandika uamuzi wake na kuweka saini na tarehe. Mzee wa masijala aliyenipokea kazini alinikalisha chini siku za mwanzo akanipa jalada moja nene, akaniambia nilisome lote kama hadithi, na nilipolimaliza nilikuwa najua mgogoro mzima wa ghala moja tangu kabla sijaajiriwa, nani alisema nini, na kwa sababu gani. Linganisha na leo, ambapo uamuzi wa mamilioni ya shilingi unatolewa saa nne usiku kwa ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya bajaji, wanausikiliza watu sita, na baada ya mwezi kila mmoja ana kumbukumbu yake.

Hata hivyo, swali la mgharamiaji liulizwe hapa pia. Jalada liligharamiwa na mwananchi aliyekaa kwenye benchi. Nimewaona watu waliovuka ziwa kutoka Nansio kufuata barua moja, wakaambiwa jalada halionekani kwa kuwa afisa mwenye nalo yuko likizo na amefunga saraka yake kwa ufunguo, wakalala mjini kwa jamaa, wakarudi asubuhi, wakaambiwa waje kesho yake. Anayetaka kurudisha utaratibu ule kama ulivyokuwa akumbuke na benchi lile.

Ninachopendekeza ni kuchukua dokezo na kuiacha saraka. Mnapomaliza kujadiliana kwa simu, au kwenye kundi, au kwa mdomo koridoni, mtu mmoja aandike nusu ukurasa: jambo lenyewe, hoja za pande zote, uamuzi, jina la mtekelezaji, na tarehe. Karatasi hiyo ihifadhiwe mahali ambapo kila anayehusika anaweza kuifungua bila kumwomba mtu ruhusa, na kundi la WhatsApp libaki kuwa la kuitana na kupeana pole. Kijana akikuambia kwamba hana muda wa kuandika nusu ukurasa, mwombe akueleze uamuzi huo kwa mdomo bila kusita, na mara nyingi mtagundua nyote wawili kwamba uamuzi haujafikiwa.

Kuhusu wanawake, tamthilia yenyewe ni mwalimu mzuri kuliko sisi wastaafu, kwa sababu haifichi. Peggy Olson anaanza kama katibu muhtasi wa bosi mmoja, Don Draper, kipaji chake cha kuandika matangazo kinaonekana karibu kwa bahati, na mwisho wa msimu wa kwanza anapandishwa kuwa mwandishi. Katika msimu wa pili kampuni inanunua mashine kubwa ya kutoa nakala, na baada ya kukosa pa kuiweka wanaisukumia kwenye chumba cha Peggy. Katika msimu wa tatu anakwenda kumwomba bosi nyongeza ya mshahara akitaja sheria ya malipo sawa, sheria ambayo kweli Rais Kennedy aliitia saini mwaka 1963, na bado anarudi mikono mitupu. Joan, anayeiendesha ofisi nzima kwa kichwa chake, anapata hisa katika msimu wa tano baada ya wakubwa kumwekea mbele sharti la kulala na mteja. Sisi huku sharti la namna hiyo tunaliita rushwa ya ngono, na tangu mwaka 2007 limetajwa kuwa kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kifungu cha 25. Miaka yangu ya mwanzo lilikuwa jambo la kunong'onezana chooni.

Kwa hiyo mama mwenzangu akiniambia kwamba zamani ofisini kulikuwa na heshima, humuuliza ilikuwa heshima ya nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inauhesabu unyanyasaji kazini kuwa aina ya ubaguzi. Kiongozi mwenye hamu ya miaka ya zamani aibandike sheria hiyo ukutani kabla ya kitu kingine chochote, maana vijana wa kike wana haki ya kujua ni sehemu ipi ya zamani unayotaka kuirudisha.

Mavazi sina mengi ya kusema juu yake. Suti ya Kaunda ilipendeza, na aliyenayo aivae. Joto la ziwa mwezi wa kumi litamshauri kuhusu tai. Sigara mezani zisirudi kamwe. Na ile sifa kwamba zamani watu walitoka kazini saa 9:30 alasiri bila kubeba kazi nyumbani ni ya kweli, ila wengi wetu tulitoka muda huo kwa sababu mshahara haukufika katikati ya mwezi, na nyumbani kulikuwa na kuku, maandazi au bustani vilivyokuwa vikitusubiri. Anayetaka kulinda muda wa wafanyakazi wake aseme wazi saa ambayo ujumbe wa kikazi hautumwi tena, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuitii, kwa kuwa mkubwa akiandika saa tano usiku na kuongeza kwamba si lazima ajibiwe sasa, kila mtu atajibu sasa.

Nimeacha kwa makusudi jambo ambalo mimi binafsi ninalikosa kuliko yote, nalo ni yule mzee wa masijala. Hakuwa na cheo kikubwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila aliyeingia ofisini alipita mikononi mwake, naye alirudisha rasimu zetu zikiwa zimejaa kalamu nyekundu bila kumwaibisha mtu. Leo vijana wanakuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo kutoka SAUT kule Malimbe na vyuo vingine vya hapa jijini, wanapewa kiti na nenosiri la intaneti, na wanaondoka na muhuri kwenye daftari lao bila mtu yeyote kusoma walichoandika. Ikiwa wewe ni mkongwe na bado una meza, mchukue mmoja wao, mpe kazi halisi, irudishe ikiwa na masahihisho, na umweleze kila sahihisho kwa mdomo mkiwa mmekaa. Jambo hili halihitaji bajeti wala idhini ya bodi.

Na kama umebakiza miezi michache kustaafu, usisubiri hafla ya kuagwa ndipo uanze kusimulia. Andika taarifa ya makabidhiano mapema, umpe mrithi wako aisome ukiwa bado upo ili akuulize maswali. Ukurasa wa kwanza uwe wa mambo yaliyokwama, si wa mafanikio yako, na kila jambo liwe na jina la mtu uliyezungumza naye mara ya mwisho kulihusu na kile alichoahidi.