Kumwona mshauri wa saikolojia si wazimu
Dada yangu, umeuliza kama kumwona mshauri wa saikolojia baada ya kufiwa na mama kutakufanya uitwe kichaa. Hapa Dodoma jina la hospitali ya Mirembe limegeuzwa kuwa tusi, nami naona huo ni uonevu mkubwa, kwa kuwa hospitali ya afya ya akili ni ya mwenye huzuni nzito na aliyekosa usingizi pia. Katika kikao changu cha kwanza nilikaa nikikunja na kukunjua pindo la khanga, nikasema maneno machache tu, na mshauri hakunihimiza. Kwa kawaida kikao huchukua dakika 45 hadi 60, na nafuu huja polepole, hivyo usikate tamaa mapema. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri miadi.