Siku moja Moshi kabla ya kupanda Kilimanjaro: itumie kwa miguu

Wengi tunaotoka Dar kwenda kupanda Kilimanjaro tunashuka Moshi tukitarajia mji wa kitalii. Tunakuta mabenki, maduka ya jumla, stendi na bodaboda. Katikati ya mji unapazunguka asubuhi moja ukapamaliza, na ndiyo maana watu hujifungia hotelini na simu hadi gari lije kuwachukua. Nakusihi usifanye hivyo. Vaa viatu utakavyopandia, toka nje.

Viatu kwanza, maana hapo ndipo safari za wengi huharibika. Kiatu kilichokukaa vizuri dukani Kariakoo hujulikana tabia yake baada ya saa tatu za lami, vumbi na kuteremka. Kisigino kikianza kuwaka moto ukiwa mjini, dawa ipo: plasta, soksi nene, au jozi nyingine ya kukodi. Ukiligundua hilo ukiwa kibanda cha Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu, mita 2,700 na ushee, ni kuvumilia tu. Kata kucha pia; wakati wa kushuka vidole ndivyo vinavyoumia.

Toka saa kumi na mbili alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Elekea Shanty Town, kwenye barabara tulivu zenye miti mikubwa, ambako ardhi inapanda taratibu na Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro, inaonekana mbele yako. Jifunze mwendo wako hapo. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, huo ndio, ukishindwa, punguza. Ila matembezi haya hayakuzoeshi hewa nyembamba, kwa sababu Moshi iko chini ya mita 1,000. Mwili huzoea huko huko juu, kwa kupewa muda. Ukipita njia ya Marangu, tafadhali lipia siku ya ziada, ya sita, upumzike Horombo, kibanda kinachofuata baada ya Mandara. Wanaobana pesa hapo wananisikitisha sana, maana kilele wanakiacha karibu kabisa.

Ukirudi chini, pita mnara wa saa na jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa 1933, kisha kituo cha reli. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapa 1911. Havichukui muda.

Sokoni ndiko kwa kukaa. Soko la Memorial lina mitumba ya kila namna, na kwa subira utapata glovu, kofia ya sufu hata jaketi la maana kwa bei ya kupatana. Jaribu zipu kabla hujalipa. Mchana kula mtori au machalari, vyakula vya ndizi na nyama, vikiwa vya moto. Kachumbari na juisi za barabarani ziache hadi utakaporudi, kwani tumbo likichafuka mlimani hakuna pa kujificha.

Ukikutana na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, wasalimie, uwaulize mvua ikoje huko juu wiki hii. Wanajua kuliko utabiri wa kwenye simu. Waulize na mzigo unavyokaa kichwani saa tano mfululizo. Kikomo cha mpagazi mmoja ni kilo 20, na vitu vyake mwenyewe vimo humo humo. Kwa hiyo jioni fungua begi lako ulipange upya: jinzi, viatu vya pili vya kutembelea mjini, chupa kubwa ya shampuu, vyote viache hotelini.