Re: Kinasi za bakteria, dawa haitatugusa na sisi?
Salaam mdogo wangu, habari za Lamu, huku Malindi salama. Umeuliza kama protini ya bakteria inayopokea ishara ni kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini), na sisi binadamu tuna kinasi kibao, dawa ya kuizima itaachaje kutudhuru. Zetu nyingi zinabandika fosfeti kwenye amino asidi za serini, threonini au tairosini, ya bakteria inajibandikia kwenye histidini, amino asidi nyingine, halafu inaipitisha kwa protini ya pili inayowasha jeni, mfumo huo wanyama hatuna. Lakini usitulie hapo! Kwanza kabisa angalia mfuko wa kinasi ya bakteria unaoshika ATP (molekuli inayotoa fosfeti), umefanana na wa Hsp90 yetu, protini inayosaidia protini nyingine kujikunja, na molekuli ya radisikoli inayoshika Hsp90 inashika pia PhoQ, kinasi ya namna hiyo ya Salmonella, ndo maana mtu akiniletea molekuli namuuliza kama inashika Hsp90 kabla ya kitu chochote. Halafu usipime kuua peke yake. Kinasi ya WalK ya bakteria Staphylococcus aureus ukiizima kijidudu hakiishi, ila kinasi ya VanS ya enterokoki sugu kazi yake ni kunusa antibiotiki ya vankomaisini na kuwasha usugu, kwa hiyo kwenye sahani isiyo na vankomaisini utakuta makoloni yamejaa vilevile ukadhani molekuli yako haina kitu. Weka na vankomaisini pamoja, kisha linganisha.