Mwinyi: sifa au kejeli?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Dunda, Bagamoyo. Tunaandaa kadi za harusi ya mdogo wangu, na jina la babu yetu linaanza na Mwinyi. Shemeji anataka tuliondoe. Anasema "Bwana Mwinyi" ni kurundika vyeo, na tena siku hizi umwinyi ni tabia mbaya. Mwinyi ni nani hasa, neno limetoka wapi, na wingi wake ni upi?

JIBU: Kadi msiiguse. Shemeji yako kapatia nusu, nusu kakosea.

Mwinyi ni ndugu wa damu wa mwenye. Katika tenzi kongwe utakuta "mwenyi", na kutoka hapo hadi mwinyi ni hatua moja tu ya ulimi. Jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika desturi za Waswahili kutokana na aliyoyajua Bagamoyo, kitabu kikachapwa Ujerumani mwaka 1903, hadi leo huandikwa Mwinyi hapa na Mwenyi pale.

Yalipoachana ni kwenye matumizi. Mwenye halisimami peke yake. Ukilitamka ukanyamaza, utaulizwa mwenye nini? Mwenye duka, mwenye kiti (ndiye mwenyekiti wetu), mwenye enzi (ndiye Mwenyezi). Mwinyi halidai nyongeza. Ukiitwa hivyo, watu wameshajua una nini: shamba, nasaba, na kauli inayosikilizwa barazani.

Miji ya Mrima, yaani pwani inayotazamana na Unguja, ilikuwa na wakubwa wa vyeo mbalimbali: majumbe, mashaha na mamwinyi. Na palipo na mamwinyi wengi, mkubwa wao huhitaji neno la ziada. Ndiyo maana mtawala wa wenyeji kule Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu; wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Misafara nayo ikalipeleka neno bara: Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa na mkubwa wake kutoka Mrima, Mwinyi Kheri. Wanawake wa heshima kwa kawaida walitanguliziwa Mwana, kama Mwana Kupona.

Sasa hiyo kejeli. Nenda soko la samaki hapo Bagamoyo chombo kinapovutwa. Wenzake wameshika kamba, yeye kasimama pembeni, mikono nyuma, kanzu haijaguswa na maji. Atasikia tu: "Mleteeni mwinyi kiti!" Hakuna anayemheshimu hapo. Lakini utani huo haukuzuka hewani. Mwinyi wa zamani hakutumwa wala hakujitwika mzigo. Shamba lake lililimwa na wengine, wakiwamo watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuwakemea mabepari na makabaila, mwinyi naye alijikuta kwenye benchi moja na kabaila. (Kabaila naye alikuwa mtu wa ukoo bora, neno lake na kabila ni la shina moja la Kiarabu. Maneno ya wakubwa hupata misukosuko.) Leo mfanyakazi anayeingia ofisini saa nne asubuhi na kuagiza chai kabla hajawasha kompyuta huambiwa aache umwinyi, na kila mtu anaelewa.

Hata hivyo, kejeli imeng'ang'ania umwinyi na mwinyi wa mtaani. Jina la mtu haikuligusa. Rais wetu wa awamu ya pili, Ali Hassan Mwinyi, aliitwa Mzee Mwinyi nchi nzima, na sikumsikia mtu akilichukulia jina hilo kuwa ni tusi.

Wingi ni mamwinyi, na kwa kuwa ni watu, upatanisho ni wa a-/wa-: mamwinyi wamekaa, si "mamwinyi yamekaa", labda uwe umekusudia kuwatukana. Kwenye jina la mtu anza kwa herufi kubwa. Mengine yote, ndogo.

Kuhusu vyeo viwili: zamani shemeji angekuwa na hoja, maana Mwinyi lilikuwa cheo kama Bwana. Siku hizi limeota mizizi ndani ya majina. Mengine yameungana kabisa, kama Mwinyimvua na Mwinyihaji, na hakuna anayefikiria kumkatia Mwinyimvua jina abaki Mvua. Basi andikeni "Bwana Mwinyi" na jina lake lote, kama alivyoitwa na mama yake.