Re: Bati la geji 28 kwa deraya za igizo, Nzuguni, Dodoma

Mkuu, umeuliza kama bati la kuezekea la geji 28 litafaa kwa deraya (mavazi ya chuma ya vita) za igizo lenu. Halifai. Unene wake ni milimita 0.4 hivi, likipigwa rungu mara moja tu linabonyea, na kingo zake zinakata vibaya. Tena lina zinki: ukilichomelea, moshi wake unaleta homa na kutetemeka.

Nenda wanakouza vyuma vya mageti, chukua shiti nyeusi (bamba la chuma lisilopakwa zinki). Kifua na mgongo weka milimita 1.2 (kilo 9.4 kwa mita ya mraba), mikono na miguu 1.0 inatosha. Kofia usishuke chini ya 1.5, kwa sababu ukiigonga iwe duara, chuma kinatanuka na utosini ndipo kinabaki chembamba kuliko kote, palepale panapopokea pigo. Chuma kikianza kukakamaa kwa kugongwa, kipashe moto hadi kiwe chekundu, kiache kipoe chenyewe. Ukikilazimisha kitapasuka ukingoni.

Aluminiamu uzito wake ni kama theluthi ya chuma, ila kwa mapigano tumia ya milimita 2.0, na usisubiri iwe nyekundu motoni, itayeyuka kabla. Na kwa jua la Dodoma, ndani vaeni koti nene la pamba, chuma kisiguse ngozi.