Panda Managu Palipokuwa na Waru, Wakucheke

Juzi msomaji mmoja wa Molo ameniandikia: "Dada, waru yangu, yaani viazi, imedumaa kwa mabaka shambani. Majani yanageuka manjano, jua likiwaka yananyauka. Agroveti wameniambia niongeze mbolea. Unasemaje?"

Nasema weka pesa yako mfukoni kwanza. Hayo ya mbolea na mimi niliuziwa, msimu baada ya msimu, na bado yananiuma.

Subiri waru ianze kutoa maua. Chimba shina moja taratibu, usilivute, ukung'ute udongo na uikague mizizi. Ukikuta vitone vyeupe au vya manjano, vidogo kama kichwa cha pini, mgeni wako ni nematodi wa viazi, kinyoo kinachoshambulia mizizi. Kila kitone ni jike. Akifa, ngozi yake hukauka ikawa ya kahawia, na humo ndani huacha mamia ya mayai yanayoweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi. Mengi hayaanguliwi hadi yahisi majimaji yanayotoka kwenye mizizi ya waru. Ndiyo maana kupumzisha shamba kwa msimu mmoja ukipanda mahindi hakutoshi: mengi yanaendelea kulala tu.

Hapa Kenya mdudu huyu alitangazwa rasmi mwaka 2015. Sisi wa Kinangop tulikuwa tumeshaanza kumlisha zamani bila kumjua jina. Waru ya aina ya Shangi ikitoka, Shangi inaingia, na Shangi yenyewe haina kinga yoyote dhidi yake. Kwangu mavuno yalishuka hadi nikawa nauza magunia yote na bado nadaiwa na vibarua. Shemeji yangu akatangaza mbele ya wazee kwamba shamba la kaka yake limeharibika kwa sababu limeachiwa mwanamke. Maneno hayo nimeyahifadhi.

Habari ya managu niliipata kwenye mafunzo ya wakulima, nikiwa nimekwenda shingo upande. Tukaelezwa kwamba watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wamejaribu managu ya majani mapana na kuona nematodi wakipungua. Managu, mnavu kwa wengine, ni ndugu ya waru, na mizizi yake huyaamsha mayai. Vinyoo vinatoka na kuingia mizizini vikidhani vimefika kwa waru, lakini humo havikui wala havizai. Ni kama kumpigia mwizi kengele ya chakula kisha akute sufuria tupu. Wazungu wa Uholanzi na Uingereza wana mmea wao wa kazi hiyohiyo, nao ni jamaa wa mnavu, una miiba mitupu na majani yake si mboga. Sisi Mungu ametupa mtego unaoingia kwenye sufuria na ugali!

Nikapanda managu palepale palipokuwa na waru, tena katikati ya msimu ambao kila mtu anapanda waru. Vijana wa bodaboda wakanibatiza Mama Managu. Nikichuma kwa ajili ya soko, wanapiga honi. Nilipanda kwa kubananisha ili mizizi ienee kila mahali, nikachuma na kuuza, yakizeeka nang'oa na kupanda mengine. Pesa yake haikuwa ya waru, sitakudanganya, lakini karo ilitoka.

Sasa waru yangu imerudi, na ng'ambo ya ua waru ya wengine bado inadumaa. Shemeji alikuja kuomba mbegu za managu. Nilimpa. Msamaha bado naungojea.

Ndugu zangu, tatizo letu ni roho isiyoweza kuona shamba bila waru. Tukikaa msimu mmoja bila waru tunajiona tumefukuzwa ukoo. Mtu anapanda managu mara moja, bei ya waru inapanda, mbio anarudi na Shangi. Huo mtego umeutegua mwenyewe! Acha tamaa. Na huyo anayepanda managu huku ameacha viazi vya kujiotea vikichipua katikati anamlisha adui mlango wa nyuma. Ving'oe vyote, kila wiki. Nyanya nazo usizilete hapo, nematodi huyu anazila pia.

Baada ya hapo nunua mbegu zilizoidhinishwa, na uoshe udongo kwenye jembe na gambuti kabla ya kuhama shamba, maana vitone husafiri na udongo.

Wewe wa Molo, kama ni nematodi hao, vuna ulichonacho, ule au uuze ya kupika. Usihifadhi hata kiazi kimoja cha humo kuwa mbegu, wala usimpe mtu mbegu ya kutoka humo, hata yule atakayekucheka ukipanda managu.